Sura ya 6: Tope Litapitia Wapi?

Julai 1955, Naibu Waziri Mkuu wa China, Deng Zihui, alisimama mbele ya Bunge la nchi yake akawaahidi wajumbe kitu ambacho babu zao hawakuwahi kukiona: miaka michache ijayo Mto Manjano ungetiririka maji maangavu. Ahadi hiyo ilikuwa na uzito kuliko inavyosikika kwetu. Wachina wa kale waliamini kwamba mto huo ukiwa safi, mtawala mwadilifu amepatikana. Basi mhandisi ambaye angethubutu kusema kwamba mto hautasafika alikuwa amegusa mambo mengine kabisa, yasiyohusu maji.

Mto Manjano ndio uliokuwa ukibeba tope jingi kuliko mto mwingine wowote mkubwa duniani. Katikati ya karne ya 20 ulipitisha takriban tani bilioni 1.6 kwa mwaka. Kila mita moja ya ujazo ya maji ilichukua, kwa wastani, kilo 35 hivi za udongo. Karibu tope lote hilo hutoka katika uwanda wa juu wa Loess, nchi ya udongo laini uliorundikwa na upepo kwa maelfu ya karne, ambao mvua moja ya nguvu ya kiangazi cha huko huugeuza uji. Mto ukifika tambarare hupoteza kasi, tope hutua, na sakafu ya mto hupanda. Wakulima hupandisha kingo, nayo sakafu hupanda tena. Karibu na mji wa Kaifeng mto hupita juu kuliko ardhi ya mji wenyewe. Kingo zikipasuka, maelfu hufa.

Dawa iliyochaguliwa ilikuwa ukuta mmoja mrefu mahali paitwapo Sanmenxia, kwa michoro ya wahandisi wa Kisovieti. Ukuta ungeyashika mafuriko, ungelishika tope, ungefua megawati 1,160 za umeme. Na tope likijaa? Wapangaji walikuwa na jibu: wakati bwawa likijengwa, wakulima wa juu wangepanda miti na kuchimba matuta, na ndani ya miaka michache tope lingepungua kwa nusu. Hesabu yote ya uhai wa bwawa ilisimama juu ya sentensi hiyo moja.

Katika mkutano wa wataalamu mwaka 1957, profesa mmoja wa Chuo Kikuu cha Tsinghua, Huang Wanli, alisema hapana. Hoja yake haikuwa ngumu. Mto huu, alisema, kazi yake ni kuhamisha udongo. Ukiuzuia, udongo utatua nyuma ya ukuta, utapanda kuelekea juu, na mafuriko unayotaka kuyazuia huku chini utayahamishia kwa watu wa huko juu. Alipoona hasikilizwi aliomba jambo moja tu: matundu ya chini ya ukuta, yaliyotumika kupitisha mto wakati wa ujenzi, yasizibwe, kwa sababu siku moja yatahitajika. Mhandisi kijana, Wen Shanzhang, naye alipendekeza bwawa la kina kidogo lenye njia kubwa za kupitisha tope. Matundu yalizibwa kwa zege. Mwaka huohuo wa 1957 Huang alipachikwa jina la mpinga mapinduzi wa mrengo wa kulia, na lebo hiyo ilimganda zaidi ya miaka ishirini.

Bwawa lilianza kujazwa Septemba 1960. Katika mwaka mmoja na nusu wa kwanza, zaidi ya asilimia 90 ya tope lililoingia halikutoka. Lilikuwa kama tani bilioni 1.5. Mahali paitwapo Tongguan, ambapo mto Wei unaingia katika Mto Manjano, sakafu ya mto ilipanda mita zipatazo 4.5. Wei ukakosa pa kumwagia maji yake. Mashamba bora ya bonde lake yakaanza kugeuka kinamasi, na jiji la Xi'an, lililowahi kuwa mji mkuu wa himaya, likawa hatarini. Watu zaidi ya laki mbili na nusu walikuwa wamehamishwa kupisha bwawa hilo.

Kilichofuata kinafaa kusomwa taratibu na kila anayepanga bwawa. Machi 1962 waliacha kujaza. Desemba 1964 Waziri Mkuu Zhou Enlai aliitisha mkutano, na ukuta mpya kabisa ukaanza kutobolewa. Mahandaki mawili yalichimbwa katika mwamba wa kando. Mabomba manne yaliyokusudiwa kupeleka maji kwenye mitambo ya umeme yakageuzwa kuwa njia za tope. Kisha, kuanzia 1970, wakayafungua tena matundu yaleyale ya chini ambayo Huang aliomba yaachwe wazi, moja baada ya jingine, kwa gharama kubwa. Mtambo mkubwa wa kwanza uling'olewa ukapelekwa bwawa jingine, na mahali pake ikaja mitambo midogo yenye jumla ya megawati 250. Toka 1973 bwawa linaendeshwa kwa kanuni mpya: msimu wa mafuriko, tope linapokuwa jingi, milango hufunguliwa na mto hupita, msimu mkavu, maji yanapokuwa maangavu, ndipo hutunzwa. Sanmenxia halijafa. Ila halikuwa tena bwawa lililoahidiwa bungeni, wala bonde la Wei halijasahau: mafuriko makubwa ya 2003 huko yaliamsha upya lawama zilezile.

Nimeanza na kisa cha China kwa sababu kosa lake ni la kawaida sana, si la nchi moja wala la itikadi moja. Watu walipanga ukuta kwanza, na tope wakalipangia baadaye.

Turudi nyuma kidogo tuone tope hufanya nini hasa likikutana na maji yaliyotulia, maana hapa ndipo michoro mingi hudanganya. Mchoro wa bwawa kwa kawaida huonyesha sehemu ya chini kabisa, chini ya mdomo wa kuchukulia maji, iliyotengwa kwa ajili ya tope. Huandikwa kwamba sehemu hiyo itajaa kwa miaka 50 au 100, na kwamba maji ya juu yake hayataguswa hadi hapo. Ukitazama mchoro utadhani tope lina adabu ya kutembea hadi mwisho wa bwawa na kulala mahali lilipoandaliwa.

Mto, hata hivyo, ni kama hamali aliyebeba mizigo mingi: nguvu zikimwishia, hutua kwanza ule mzito. Mara tu maji yanapoingia bwawani na kupunguza mwendo, mawe na mchanga mnene huanguka palepale mlangoni, kilomita nyingi kutoka ukutani. Hujenga ulimi wa nchi kavu unaosogea mbele mwaka hadi mwaka, na pia unaorudi nyuma kuelekea juu, kama ulivyofanya Tongguan. Ulimi huo hauli ile sehemu ya chini iliyotengwa. Unakula maji ya juu, yaleyale yaliyotegemewa kwa umwagiliaji na umeme. Ukuta mkubwa wa Aswan, uliokamilika 1970, ulitengewa zaidi ya mita za ujazo bilioni 30 kwa ajili ya tope la Nile. Sehemu kubwa ya tope lililokuja ilitua juu kabisa ya ziwa, upande wa Sudan na karibu na mpaka, mamia ya kilomita kutoka ukutani.

Tope laini nalo lina tabia yake. Maji ya mafuriko yaliyojaa udongo ni mazito kuliko maji maangavu ya bwawa, kwa hiyo wakati mwingine huzama na kutambaa chini, mto chini ya ziwa, hadi yaguse ukuta. Wamarekani waliliona hilo katika ziwa Mead mara tu baada ya bwawa la Hoover kuanza kujazwa mwaka 1935: juu maji safi, chini tope likitembea. Yakikuta mlango wa chini uko wazi, hutoka yenyewe bila kusukumwa. Yakikuta umefungwa, hutua hapo, na baada ya miaka mlango wenyewe hufukiwa usiweze kufunguka.

Wahandisi wa zamani waliyajua haya. Bwawa la kwanza la Aswan, lililokamilika 1902, lilijengwa na matundu 180 ukutani. Mafuriko ya Nile yalipokuja, mekundu kwa udongo wa Ethiopia, matundu yote yaliachwa wazi na tope likaenda zake kwenye mashamba ya Misri lilikozoea kwenda. Vuli ilipofika na maji kuanza kuwa maangavu, ndipo milango ilipofungwa na bwawa likajazwa kwa mkia wa mafuriko. Bwawa la Sennar nchini Sudan, la mwaka 1925, liliendeshwa kwa akili hiyohiyo. Mtu akikuambia leo kwamba kupanga njia ya tope ni sayansi mpya, mwonyeshe matundu ya Aswan.

Kanuni hiyo ina bei yake, na hapa ndipo siasa huingia. Kuruhusu mafuriko yapite ni kuyaacha maji mengi zaidi ya mwaka yaende bila kuyatumia, tena wakati wakubwa wanataka kuona bwawa limejaa kwa ajili ya picha. Inahitaji bwawa dogo likilinganishwa na mto wake. Bwawa linaloweza kumeza maji ya mwaka mzima litameza na tope la mwaka mzima; hakuna namna ya kupata lile bila hili. Na hata bwawa linaloendeshwa vizuri hupoteza kiasi fulani. Roseires, juu ya Sennar katika Nile ya Buluu, lilijengwa 1966, na kila mwaka liliachwa chini hadi kilele cha mafuriko kipite. Bado lilipoteza zaidi ya theluthi ya ujazo wake, na mwaka 2013 Sudan ilikamilisha kazi ya kuupandisha ukuta mita 10. Huko mto Atbara, bwawa la Khashm el-Girba la mwaka 1964, lililojengwa kuwapa maji Wanubi waliohamishwa na ziwa la Aswan, lilianza na mita za ujazo bilioni 1.3 na ndani ya miongo michache lilikuwa limepoteza zaidi ya nusu. Wasimamizi wake hulimwaga karibu lote msimu wa mafuriko ili mto ulikwangue tope. Kazi hiyo husaidia. Pia huua samaki wengi, maana tope la mwaka mzima hushuka kwa siku chache. Tangu Ethiopia ianze kulijaza bwawa lake kuu mwaka 2020, tope lililokuwa likiisumbua Roseires limepata kituo kipya huko juu. Kuhamisha mzigo si kuumaliza.

Njia nyingine ni kulipitisha tope pembeni. Waswisi walichimba handaki la kuzungusha mawe na mchanga kando ya bwawa la Pfaffensprung mwaka 1922, na Wajapani wamefanya hivyo katika bwawa la Asahi tangu 1998. Inafaa mito mifupi ya milimani yenye mteremko mkali. Kwenye mto mpana wa tambarare gharama hupaa. Kuchimba tope kwa mashine, ambako ndiko wanasiasa hukimbilia wakiona bwawa limekauka, kunafaa lambo la kijiji. Kwa bwawa kubwa ni hesabu isiyofungika, na hata ukichimba, hilo tope utalimwaga wapi?

Sasa tuje nyumbani. Mto Tana nchini Kenya una ngazi ya mabwawa matano: Kindaruma lililoanza 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Masinga ndilo la juu kabisa na ndilo ghala. Lilijengwa lenye mita za ujazo bilioni 1.56 ili kuyahifadhi maji ya masika yafike kiangazi, na kuyapa manne ya chini mtiririko usiokatika. Kwa kuwa ni ghala, haliwezi kufanya mtindo wa Aswan ya kale. Likiachia mafuriko yapite, limeacha kazi iliyolileta. Kwa hiyo linashika karibu kila kitu kinachoshuka kutoka Sagana, Mathioya, Maragua na Thika, na kwa kufanya hivyo linayalinda mabwawa yaliyo chini yake. Halilindi yote: mto Thiba huingia moja kwa moja Kamburu ukiwa na tope lake. Vipimo vya kina vilivyofanywa baada ya miaka thelathini hivi vilionyesha Masinga limepoteza takriban asilimia 10.

Asilimia 10 ni ndogo ukiilinganisha na Sanmenxia. Ndiyo maana haitajwi kwenye magazeti. Lakini bwawa la ghala hupimwa katika mwaka mbaya, si katika mwaka wa mvua. Mita za ujazo milioni 150 na zaidi zilizochukuliwa na udongo ndizo zingekuwa akiba ya mwisho wa ukame, wakati mitambo inapoanza kuzimwa na mgao wa umeme kutangazwa. Mwaka wa mvua nyingi hutaona tofauti yoyote. Hapo ndipo udanganyifu wa tope ulipo.

Kuna sababu nyingine ya kutolitaja, nayo iko katika vitabu vya hesabu. Wachumi wa miradi huishusha thamani ya faida ya kesho ikilinganishwa na ya leo. Wakitumia kiwango cha asilimia 10, shilingi 100 zitakazopatikana baada ya miaka 50 huandikwa leo kuwa hazifiki hata shilingi 1. Weka mlango mkubwa wa chini wa kupitisha tope: gharama yake ni ya leo, yote, kwa bei kamili. Faida yake, yaani bwawa lililo hai mwaka 2080, ni senti. Mlango unakatwa kwenye bajeti na aliyeukata hupongezwa kwa kubana matumizi. Sioni kosa katika hesabu hiyo kwa duka au kiwanda, ambavyo vikichakaa vinabomolewa na kujengwa vingine palepale. Bonde zuri la kujengea bwawa halijengwi upya. Likishajaa tope limekwisha, na mto una mabonde hayo machache tu. Kulihesabu bonde kama lori linalochakaa ni uzembe, hata ukiandikwa kwa tarakimu.

Wengi husema dawa ni kuuzuia udongo usitoke shambani. Ni kweli, na ni kweli kwa taabu. Wapangaji wa Sanmenxia hawakukosea kuhusu uwezekano. Walikosea kuhusu kalenda. Matuta, miti na maelfu ya vijibwawa vya korongoni vilivyojengwa katika uwanda wa Loess, pamoja na mabwawa mengine na maji yanayochukuliwa njiani, vimelishusha tope la Mto Manjano hadi chini ya theluthi ya lilivyokuwa. Hilo limechukua zaidi ya miaka 40, si ile michache iliyoandikwa kwenye mpango. Bwawa la Xiaolangdi, lililoanza kujazwa 1999 chini ya Sanmenxia, lilipangwa na watu waliokwisha kuungua: zaidi ya nusu ya ujazo wake uliwekewa tope toka siku ya kwanza, na tangu 2002 humwaga maji kwa mkupuo ili kuikwangua sakafu ya mto huko chini.

Kwetu suala la matuta lina kumbukumbu chungu. Mwaka 1948 wanawake wa Murang'a, mlemle mwinuko unaolisha Masinga leo, walikataa kazi ya kulazimishwa ya kuchimba matuta. Mwaka 1955 Waluguru wa Tanganyika waliandamana dhidi ya mpango wa matuta wa serikali ya kikoloni na mtu akapoteza maisha. Hawakuwa wajinga wa udongo. Walikuwa wakiamriwa kulima kwa jasho lao ili kutimiza mpango wa mtu mwingine. Mfuko wa Maji wa Upper Tana-Nairobi, ulioanzishwa 2015, umekwenda njia tofauti: watumiaji wa maji wa chini huchangia fedha ili mkulima wa juu apate miche, mbegu za nyasi na msaada wa kukinga maji. Nauona kuwa mpango wenye akili. Hata hivyo nisingemruhusu mhandisi yeyote aandike mafanikio yake kwenye hesabu ya bwawa kabla hayajapimwa mtoni. Udongo uliokwisha kumomonyoka na kulala kwenye mabonde na kingo huendelea kushuka kwa miaka mingi hata shamba likitulia.

Neno kuhusu Wakamba, ambao wamelipindua tatizo lote. Huko Machakos na Kitui ukuta mfupi wa zege hujengwa kwenye korongo la msimu makusudi ili ujae mchanga. Mchanga mnene huhifadhi maji katikati ya chembe zake, robo au zaidi ya ujazo wote, nayo hayapigwi na jua wala hayazalii mbu. Siri yake ni kujua mto wako unabeba nini: ukuta ukipandishwa haraka mno, udongo laini hutua pamoja na mchanga na maji hayapiti. Mafundi wengine huupandisha ngazi kwa ngazi, msimu kwa msimu. Ni bwawa dogo, haliwezi kuwasha taa za Nairobi. Ila hapo tope lilifikiriwa kabla ya ukuta.

Na tope linalozuiwa lina mwenyewe huko chini. Ufuo wa delta ya Nile karibu na Rosetta umeliwa na bahari tangu tope la Ethiopia likome kufika. Mikoko ya delta ya Rufiji imesimama juu ya udongo ulioletwa na mto huo, ambao tangu Desemba 2022 unatua katika bwawa la Julius Nyerere. Watu wa Rufiji na Mafia wana haki ya kujua ni kiasi gani kinazuiwa, na upimaji ufanywe sasa wakati bwawa bado changa, maana bila kipimo cha mwanzo hasara ya baadaye haiwezi kuthibitishwa.

Bwawa la Kidunda linajengwa mtoni Ruvu nchini Tanzania, lipate kuinywesha Dar es Salaam, na Ruvu hutoka Uluguru. Mengine yatafuata. Sheria ya mazingira ya Kenya ya 1999 na ya Tanzania ya 2004 zote zinataka mradi kama huo ufanyiwe tathmini ya athari, na mwananchi ana nafasi ya kuisoma na kutoa maoni. Itumie. Ukiipata ripoti, usianzie kwenye megawati. Tafuta ukurasa unaosema mto huleta tani ngapi kwa mwaka na zilipimwa lini, pamoja na miezi gani. Tafuta ukubwa wa milango ya chini na kanuni ya kuifungua. Tafuta nani atapima kina cha bwawa, kila baada ya miaka mingapi, na kama matokeo yatachapishwa. Ukikuta tu kwamba upandaji miti utapunguza tope, au usipoukuta ukurasa huo kabisa, andika hivyo katika maoni yako, kwa jina lako, kabla siku za kupokea maoni hazijafungwa.